Nahodha wa Chombo Kisicho na Mtu: Lugha ya Ukaguzi wa Mashua Zijiendeshazo na Msamiati wa Bahari wa Mombasa

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka halionekani kumhusu mwanafunzi wa Kiswahili: masharti ya usalama na ukaguzi ambayo mashua ndogo ijiendeshayo, iliyoundwa na wanafunzi, hutakiwa kuyatimiza kabla ya kutiwa majini kushindana. Mashindano ya aina hii si mageni duniani. Yale yaitwayo RoboBoat, ya Marekani, yalianza mwaka 2008 na huwakutanisha wanafunzi wa vyuo na wa shule za sekondari kutoka nchi mbalimbali. Kila kundi huja na chombo chake. Kikishaanza zamu yake ya kushindana, hakuna anayeruhusiwa kukiongoza, si kwa mkono wala kwa redio. Chombo hujitafutia njia baina ya maboya kwa msaada wa kamera, dira na mitambo ya setilaiti, hukwepa vizuizi, na hutekeleza kazi zilizopangwa. Lakini kabla ya hayo yote kuna meza ya ukaguzi, na chombo kisichopita hapo hakiingii majini hata kama programu yake ni hodari kiasi gani.

Kisiwa cha Mombasa kina karibu kila kinachohitajika ili shughuli kama hiyo ifanyike. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kipo Tudor, si mbali na maji ya hori. Chuo cha ubaharia cha Bandari kimo mjini humo humo. Mamlaka ya serikali inayosimamia usalama wa vyombo vya majini, iliyoundwa mwaka 2004, ina makao yake Mombasa. Nako Mji wa Kale, kuanzia Forodhani hadi Bandari ya Kale, kuna mafundi, manahodha na wavuvi ambao wamekuwa wakikagua vyombo tangu kabla ya fomu ya kwanza kupigwa chapa. Linalokosekana ni lugha moja ya kukagulia. Masharti ya mashindano yameandikwa kwa Kiingereza, na sheria ya usafiri wa meli ya Kenya ya mwaka 2009 imeandikwa kwa Kiingereza pia, ilhali Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Fundi anayeweza kuugonga ubao kwa kifundo cha kidole akatambua kuwa umeoza hana nafasi katika fomu hiyo, na mwanafunzi aliyeijaza hana jina la alichokiona fundi.

Kukagua, kupekua na kupima

Kabla ya kuyaendea masharti yenyewe, ni vyema kuyatenga maneno matatu ambayo huchanganywa. Afisa wa forodha hupekua chombo: anatafuta kilichofichwa. Mhandisi hupima: anataka tarakimu, iwe ya uzani, ya kina au ya nguvu ya umeme. Mkaguzi hukagua: anakilinganisha kilichopo na kile kinachotakiwa kuwapo, kisha anatoa uamuzi. Meza ya mashindano huhitaji kupima na kukagua, na mkaguzi asiyejua tofauti hiyo huishia kuandika tarakimu bila kuamua lolote.

Neno “usalama” nalo lina uzito wake. Katika Kiswahili cha leo linabeba dhana mbili: kuepukana na ajali, na kulindwa dhidi ya adui au mhalifu. Mtu akisikia “usalama wa bahari” katika mji ambao ulizizoea habari za maharamia wa pwani ya Somalia, hasa miaka ya 2008 hadi 2012, huenda akafikiria askari kabla ya kufikiria jaketi ya kuokolea maisha. Katika hati ya ukaguzi inafaa kusema wazi: “kinga dhidi ya ajali”. Ni maneno manne badala ya moja, lakini hayamwachi msomaji njia panda.

Kuzama si kupinduka

Sharti la kwanza la chombo cha mashindano ni kwamba kielee, na kwamba kiendelee kuelea hata mitambo yake ikizimwa yote. Hapa ndipo msamiati wa Mombasa unapomfaa mwalimu zaidi ya kamusi yoyote ya kisayansi, kwa kuwa lugha ya mabaharia haikuridhika na neno moja kwa madhara yanayokipata chombo. Chombo huvuja, hujaa maji, hulala upande, huenda mrama, hupinduka, huzama. Kila kitenzi kina chanzo chake.

Tofauti hizo si za mapambo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyokuwa ikiwavusha watu kutoka bara la kusini kuelekea kisiwani, ilipinduka ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Hadi leo mazungumzo mengi kuhusu ajali hiyo hutumia kitenzi “kuzama”. Feri kweli ilizama, lakini kwanza ilipinduka. Anayesema “ilizama” huelekeza jicho kwenye tundu, yaani maji yaliingilia wapi. Anayesema “ilipinduka” huelekeza jicho kwenye mzigo, yaani uzito ulikuwa kiasi gani na ulikaa upande gani. Mkaguzi aliyefunzwa kwa neno la kwanza atatafuta ufa. Aliyefunzwa kwa neno la pili atahesabu vichwa na kuuliza walikosimama.

Mashua ya mwanafunzi haibebi abiria, ila kanuni ya mizani ni ile ile. Betri ndicho kitu kizito kuliko vyote, na mara nyingi hufungwa mahali palipobaki nafasi, juu ya sitaha, baada ya kamera na kompyuta kupata makao yao. Baharia wa jahazi hawezi kufanya hivyo. Yeye ana “farumi”, mawe au mchanga unaowekwa chini kabisa ili chombo kitulie kisipokuwa na shehena ya kutosha. Betri ndiyo farumi ya mashua ijiendeshayo, na ikielezwa hivyo mwanafunzi huelewa mara moja kwa nini mkaguzi anakataa iwekwe juu. Jaribio lake ni rahisi: chombo huinamishwa kwa mkono upande mmoja majini, kisha huachiwa. Kikirudi wima upesi, kimefaulu. Kikisitasita, farumi ishushwe. Ama uzani wa jumla hupimwa kwa mizani, na kinachozidi kikomo hurudishwa. Kuweka kikomo kwa sheria ni wazo la karne ya 19: Uingereza iliyalazimisha merikebu zake kuwa na mstari wa shehena mwaka 1876, kufuatia kampeni ya mbunge Samuel Plimsoll, na mstari huo bado huchorwa ubavuni mwa meli zinazoingia Kilindini.

Banduru na betri

Katika jahazi kuna mahali panapoitwa “banduru”, sehemu ya chini ambako maji yaliyopenya hukusanyika ili yafuliwe. Kuwapo kwa jina hilo kwaonyesha falsafa ya chombo chenyewe. Chombo cha mbao huingiza maji kidogo, na hilo hukubaliwa mradi yupo wa kuyafua. Ndiyo maana kazi ya kutunza chombo haikomi: kuziba nafasi za mbao kwa kalafati, kupaka sifa, kupaka deheni chini ya mkuku wakati wa maji kupwa, chombo kikiwa kimelazwa ufuoni. Fundi hukagua wakati huo huo anapotengeneza. Kwake ukaguzi na matengenezo ni tendo moja.

Mashua ijiendeshayo imeondoa mtu wa kufua. Humo ndani mna betri za lithiamu, na maji ya chumvi yakizifikia huweza kusababisha mkato wa umeme, joto, kisha moto. Moto wa aina hii hauzimiki kwa kufunikwa tu, kwa maana chanzo cha joto kimo ndani ya betri yenyewe. Huhitaji maji mengi ya kupoza, na moshi wake ni sumu. Kwa hiyo sharti la ukaguzi hapa ni kali: betri ziwe za aina iliyozibwa, zikae ndani ya sanduku lisilopenya maji, zifungwe zisisogee, na nguvu ya umeme isivuke kikomo kilichotajwa, ambacho katika kanuni za RoboBoat kimekuwa volti 60. Betri iliyovimba haikaguliwi zaidi; huondolewa. Kuchaji hufanyika mahali palipotengwa, mbele ya mtu aliye macho, wala si usiku kucha chumbani mwa bweni.

Je, neno “banduru” lina kazi katika chombo kama hiki? Lina kazi, tena kubwa. Kila mashua ya mashindano yapasa kuwa na mahali pa chini kabisa panapoweza kufunguliwa na kutazamwa baada ya kila zamu. Katika jahazi maji ya banduru huulizwa “yamefika wapi?” Katika mashua ya betri swali ni “yapo au hayapo?” Tone moja latosha kukirudisha chombo mezani. Dhana ni moja, kipimo kimebadilika, na hii ndiyo namna nzuri ya kuunda istilahi: kulipa neno la zamani kazi mpya karibu na ile ya kwanza, badala ya kulitupa na kuleta neno ambalo fundi wa Kibokoni hawezi kulitamka.

Hazina yenyewe ni pana. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliingiza maneno mengi ya Kimvita katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882. Charles Sacleux naye alikusanya msamiati wa pwani kwa bidii ya kupigiwa mfano katika kamusi yake ya mwaka 1939, na A. H. J. Prins akauchunguza ubaharia wa Lamu katika kitabu cha mwaka 1965. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba anayetaka majina ya viungo vya jahazi leo huyapata kwa urahisi zaidi katika vitabu vya wageni hao kuliko katika kitabu chochote cha darasani.

Kuzima, kukata, kusimamisha

Sharti linalopewa uzito kuliko yote katika mashindano haya ni lile la kukisimamisha chombo ghafla. Kila mashua huwa na kitufe kikubwa chekundu juu yake, mahali panapofikika na mtu aliye majini au aliye katika mtumbwi wa uokoaji. Huwa na kingine cha redio mkononi mwa mtu aliye ufuoni. Kila kimoja peke yake lazima kiondoe umeme katika mota zote. Aidha, mawasiliano ya redio yakikatika kwa sababu yoyote, mota zisimame zenyewe.

Tafsiri ya kifaa hiki imewashinda wengi. Wapo wanaosema “swichi ya kuua”, tafsiri ya neno kwa neno isiyomwambia msikilizaji kinachouawa. Wapo wasemao “kizimio”. Tatizo la kuzima ni kwamba kitenzi hiki hutumika kwa taa, moto, simu na kompyuta bila kubagua. Mwanafunzi akiambiwa “zima chombo” huweza kuizima kompyuta inayofikiri, huku rafadha ikiendelea kuzunguka kwa amri ya mwisho iliyoipokea. Chombo kisichofikiri lakini kinachokwenda ni hatari kuliko kilichokuwapo awali. Kitenzi sahihi ni “kukata”, na kinachokatwa kitajwe: umeme wa mota. Hivyo “kitufe cha kukata mota” kinaeleza tendo, mahali na matokeo. Kompyuta huruhusiwa kuendelea kufanya kazi. Ni vizuri hata, ili kumbukumbu za safari zisipotee.

Rafadha nayo huzungushiwa kizuizi ili isiguse kidole, kamba wala nyavu. Hili halihitaji maelezo marefu kwa mtu yeyote aliyewahi kuuona mguu wa mvuvi uliokatwa na mashine.

Sarufi ya fomu

Sehemu hii ndiyo inayomhusu mwanafunzi wa isimu moja kwa moja. Tuseme fomu ya ukaguzi ina sentensi hii: “Kitufe cha kukata mota hufanya kazi.” Kiambishi hu- ni cha mazoea, hakina wakati. Sentensi inaweza kuwa kweli kuhusu kitufe cha aina hiyo popote duniani, hata kama hiki kilichopo mezani kimekufa asubuhi hiyo. “Kinafanya kazi” ni afadhali, ingawa bado ni dai la mwenye chombo. Fomu ya maana huandika: “Mkaguzi amekibonyeza kitufe, na mota zote zimesimama.” Hapo kuna mtenda, kuna tendo, kuna matokeo, na kiambishi -me- kinaonyesha hali iliyopo sasa kutokana na tendo lililokamilika.

Kauli ya kutendwa ina hatari ya namna yake. “Chombo kimekaguliwa” ni sentensi safi kisarufi, ila imemficha aliyekagua. Katika barua za ofisi hilo huchukuliwa kuwa adabu. Katika ukaguzi ni upenyo, kwa sababu siku ya ajali kila mtu husema kilikaguliwa, na hakuna anayesema “nilikikagua mimi”. Fomu za Kiswahili zingepaswa kudai kauli ya kutenda, na jina mbele yake.

Ya tatu ni viwango vya wajibu. Kiingereza cha sheria hutofautisha kwa ukali jambo la lazima, jambo la kushauriwa na jambo la hiari. Waandishi wa Kiswahili huwa na mazoea ya kubadilisha “lazima”, “inapasa”, “inafaa”, “ni vyema” na “inatakiwa” kwa ajili ya kupendezesha mtindo, wakiepa marudio. Katika insha, sawa. Katika masharti ya usalama marudio ndiyo uaminifu: “lazima” kwa lisilosameheka, “inafaa” kwa ushauri, “yaweza” kwa hiari, basi. Neno “sharti” lenyewe lina utata, kwa kuwa huwa kigezo cha kutimizwa na pia amri. Litumike kama nomino tu. Mwandishi anayelikimbia neno “lazima” kwa sababu amelitumia katika mstari uliotangulia anaweza kukigeuza kifuniko cha betri kuwa jambo la hiari.

Pande za chombo

Haitakuwa haki kudai kwamba hazina ya Mombasa inatosheleza kila kitu. Katika chombo cha tanga, pande zinazotajwa sana ni “goshini” (au “joshini”), upepo unakotoka, na “demanini”, upepo unakoelekea. Majina hayo hufuata upepo: chombo kikigeuza tanga, upande uliokuwa goshini huwa demanini. Kwa mashua ya rafadha mfumo huo haufai, maana programu huhitaji upande usiobadilika. Wala “kulia” na “kushoto” pekee hayaponyi, kwani mtu aliye ufuoni akiitazama mashua ikimjia, kulia kwake ni kushoto kwa mashua.

Na hapa pana mtego mkubwa zaidi. Dunia imegawanyika katika mifumo miwili ya maboya. Kenya, pamoja na Afrika yote na Ulaya, hufuata ule ambao chombo kiingiacho bandarini huliacha boya jekundu upande wake wa kushoto na la kijani upande wa kulia. Marekani ni kinyume chake. Wanafunzi wa Mombasa wakifundisha mashua yao kwa picha na kanuni za Florida kisha wakaijaribu karibu na njia ya meli ya Kilindini, chombo kitasoma maboya kwa usahihi kamili na kwenda pasipotakikana. Hati ya ukaguzi ya Kiswahili yafaa iseme “kushoto kwa chombo, uso ukielekea omo”, kwa kuwa kila baharia wa pwani anajua omo iko mbele na tezi iko nyuma, tena iandike mfumo wa maboya unaotumika siku hiyo.

Maji nayo yana lugha yake. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa Mombasa huzidi mita 3, na mkondo katika midomo ya hori huwa na nguvu ya kuishinda mota ndogo. Mashua ikishindwa na mkondo, programu yake itaongeza kasi hadi betri zichoke, kisha itabebwa kuelekea njia ya majahazi na mitumbwi ya wavuvi. Mratibu anayejua kalenda ya mwezi atachagua siku za maji mafu, wakati tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na atamwuliza mvuvi wa Mji wa Kale kabla ya kuuliza intaneti.

Nani nahodha?

Methali husema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Haikuwahi kufikiria chombo kisicho na nahodha hata mmoja. Ndilo swali ambalo sheria za kimataifa bado linazishughulisha. Kanuni za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini, katika kanuni ya 5, humtaka kila chombo wakati wote kiwe na ulinzi wa macho na masikio. Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa mwongozo wa muda wa majaribio ya meli zijiendeshazo mwaka 2019, na mwaka 2021 likakamilisha zoezi la kupitia mikataba yake ili kuona ni ipi inayohitaji kurekebishwa.

Kwa Kiswahili, jina linaloteuliwa hubeba jibu ndani yake. “Mashua isiyo na nahodha” husikika vizuri masikioni, lakini huashiria kwamba hakuna wa kuulizwa. “Mashua huru” ni mbaya zaidi. Huru kutokana na nani? “Mashua ijiendeshayo” husema mwendo tu ndio wa chombo, na dhamana haijatajwa, hivyo nafasi yake imebaki wazi kwa kujazwa. Ijazwe na nani? Neno “rubani”, kabla ya kupanda angani, lilikuwa la baharini: mjuzi wa maji ya mahali anayekielekeza chombo cha wengine, huku nahodha akibaki na dhamana. Programu ya kompyuta yafaa kuitwa rubani. Nahodha ni yule mwanafunzi aliyesimama ufuoni akiwa na kitufe cha redio mkononi, asiyeruhusiwa kukiweka chini, kupiga picha wala kuzungumza na simu mpaka chombo kitolewe majini. Jina lake liandikwe katika mstari wa kwanza wa fomu, juu ya jina la chuo na juu ya jina la mashua.